Pasi Hakuaga

Kaka yangu hunyoosha nguo katika duka la dobi la mjomba wetu, na jina la Pasi alilipata hapo kabla hajalipeleka ulingoni. Mashabiki walilipenda kwa sababu lilibeba mambo mawili: siku za kazi ananyoosha mashati, Jumamosi ananyoosha watu. Akiingia ukumbini walikuwa wakiimba, "Nyoosha! Nyoosha!" Naye, kijana ambaye nyumbani huona haya hata kuomba chumvi, alipita katikati yao kama anayepita sebuleni kwao.

Kisha akapigwa. Ilikuwa ngumi ya kushoto ambayo mpaka leo anasema hakuiona. Akaenda chini, na mkanda wa ubingwa ukaenda na mwingine. Nyumbani tulikuwa tukisikiliza redio. Mama aliizima kabla refa hajamaliza kuhesabu.

Tulidhani watu wangemtukana siku mbili tatu, halafu wangezoea. Hawakumtukana. Waliacha tu kuja. Zamani mtu alileta suruali moja, akakaa asubuhi nzima kwenye benchi la mbao akimsimulia Pasi pambano ambalo Pasi mwenyewe ndiye aliyelipigana. Sasa walituma wake zao, nao walichukua nguo na kuondoka. Benchi tukaliwekea vikapu vya nguo chafu. Vijana wa karakana ya pikipiki ng'ambo ya barabara ndio pekee waliomkumbuka: kila umeme ulipokatika walipaza sauti, "Pasi imepoa!" Siku moja mjomba alitoka na ndoo ya maji ya sabuni ili awamwagie. Kaka akamshika mkono.

"Waache, Mjomba. Si imepoa kweli?"

Mkanda hakuuzungumzia kabisa. Lakini tulipokuwa tunakunja mashuka, yeye ncha hii, mimi ncha ile, aliniuliza bila kunitazama, "Hivi mdogo wangu, mtu akishapigwa, wale watu huwa wanarudi?"

Mimi najua vitabu, ngumi sizijui. Nikamwambia labda akishinda tena.

"Mwalimu hatanipa pambano mpaka daktari aseme nimepona kichwa," akasema. Tukakutanisha ncha za shuka, akalichukua, akageuka kwenye meza yake. Pale mezani ndipo alipoishi miezi ile, kichwa kimeinama ndani ya mvuke, hata chakula akikila amesimama.

Mwenye bucha alikuwa mteja wetu wa makoti meupe na shabiki wa kiti cha mbele. Alipoingia mwenyewe siku ile, nilikuwa nyuma ya suti zilizotundikwa, nashona vifungo. Nilimsikia kaka akiweka pasi chini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Makoti yangu."

"Haya hapa. Siku nyingi, mzee. Nilidhani umehama."

"Nihamie wapi na nyama zangu? Mke wangu anaumwa mguu, ndiyo maana umeniona."

Karatasi ya kufungia ikachakacha. Kisha kaka akasema, kwa sauti ambayo ilinifanya niache sindano hewani, "Mzee, kushindwa kupo. Hata mngenizomea, ningeelewa."

"Nani kakwambia habari ya kushindwa?" Mwenye bucha alipandisha sauti. "Mimi nimeanza kwenda ukumbi ule mama yako hajaolewa. Nimeona watu wakipigwa mpaka wakasahau majina yao, nikawapigia makofi. Wewe hukutuaga!"

"Sikuwaaga?"

"Ukumbi mzima umesimama, tunakungoja uzunguke kamba utuage. Mara tunaambiwa Pasi kashatokea mlango wa nyuma, na taulo kichwani. Tumebaki tumesimama kama wakwe waliokimbiwa na bwana harusi!"

"Lakini mzee, kuzunguka si kwa mshindi?"

"Uliona wapi?"

"Mimi... kila siku nilizunguka."

"Kila siku ulishinda! Na aliyeshindwa alizunguka kabla yako, wewe ukiwa juu ya mabega ya watu, unatazama dari. Ungemwona vipi?"

Alichukua makoti yake akaondoka. Kaka alibaki amesimama. Nilipotoka nyuma ya suti nilimwambia shati linaungua. Halikuwa linaungua.

Jumamosi iliyofuata alimwomba mwalimu wake amruhusu kumbebea ndoo na taulo bondia mwingine wa klabu yao. Mwalimu alimwambia, "Watakuchamba mpaka ujute." Mama akanituma nimfuate, eti wasije wakamrushia chupa, kana kwamba mimi ningezidaka. Nilisimama karibu na mlango, mkoba nimeukumbatia.

Walimwona mara moja.

"Pasi! Leo umekuja kufua?"

"Angalieni asilale, ndoo itamwagika!"

Kaka alikamua sifongo, akafuta damu, akamnywesha maji bondia wake. Kijana alishinda. Watu wakapanda, wakambeba, ukumbi ukavuma. Na hapo kaka, akiwa chini na ndoo yake, akageuza macho upande ambao hakuwahi kuutazama. Yule aliyeshindwa, jicho limevimba, alikuwa akizunguka kamba peke yake. Kila upande alisimama, akaweka mkono kifuani, akasema, "Naaga." Na kila upande, katikati ya kelele zile, watu walisimama wakamjibu, "Nenda salama." Kisha akateremka.

Kaka akaweka ndoo chini, akapanda.

Kelele zilipungua kidogo kidogo. Alikuwa amevaa fulana ya kazini, ile yenye doa la moto begani. Akaenda upande wa kwanza, mkono kifuani.

"Naaga."

"Unaaga nini? Hukupigana!"

"Naaga ya siku ile."

Wakaangua kicheko. "Umechelewa, bwana!"

"Nimechelewa," akasema, akainamisha kichwa, akaenda upande wa pili. Huko walimpigia miluzi. Upande wa tatu watu walikuwa wanagombania soda, wala hawakumsikia. Akasimama pale muda uleule, akasema neno lilelile. Nilitamani ateremke. Upande wa nne ndiko alikokaa mwenye bucha.

"Naaga."

Mwenye bucha alimtazama. Akashika magoti yake, akanyanyuka taratibu kama mtu mwenye kiuno kibovu, akavuta koti lake likae sawa.

"Haya," akasema. "Nenda salama."

Hakuna aliyepiga makofi. Mabondia wengine walikuwa wameshaingia, na watu wakaanza kuimba jina jingine. Kaka alichukua ndoo, akapita katikati ya viti mpaka mlango wa mbele. Hakuna aliyemgusa bega. Mimi nilimfuata nyuma, kwa sababu hakujua kwamba nimekuja na sikutaka ajue.

Nyumbani, mama aliuliza walimfanya nini.

"Walicheka," akasema, akiinamisha ndoo ikauke. Baadaye kidogo akaongeza, "Mmoja alijibu."

Jumatatu, kabla mjomba hajafungua mlango wote, kaka alitoa vikapu vya nguo chafu juu ya benchi, akalifuta kwa kitambaa chenye maji, akalisogeza mahali pake pa zamani. Halafu akawasha pasi, akasubiri ipate moto.