Arobaini ya Marcelino

Marcelino alifia bandarini. Mnyororo wa winchi ulikatika, marobota ya katani yakamwangukia, na mkewe Candida alipoitwa kumtambua alioneshwa miguu tu.

Candida alikuwa Mkatoliki wa Ndanda. Alipanga chumba Kariakoo, nyumba moja na Mboni, Mwislamu wa Rufiji. Padri alizika akaenda zake. Mboni ndiye aliyelala na mfiwa mkekani, akimlazimisha kunywa uji.

"Tumfanyie arobaini, shoga, roho yake itulie," alimwambia. Candida hakuuliza ni ya dini gani.

Siku ilipofika wanawake waliteleka nyama uani, Candida akaongoza rozari. Hapo akaingia shemeji yake Anselmi, mzee wa kanisa, na rungu mkononi.

"Nani kamsilimisha kaka yangu kaburini?"

"Hakuna, shemeji. Tunamwombea."

Anselmi akapiga teke sufuria. Mchuzi wa moto ukamwagikia Mboni miguuni, ngozi ikababuka papo hapo. Bakili, mumewe, alipomrukia Anselmi, rungu lilimpata sikioni akaanguka, damu ikimtoka puani. Candida akanyakua mchi, akampiga shemeji yake mkono mpaka mfupa ukalia. Alikuwa hajawahi kumpiga mtu, na sasa hakutaka kuacha. Alimpiga chini alipolala, begani, mbavuni, mpaka majirani walipomshika.

Walipelekwa kwa liwali. Liwali akamwita Mrisho, mwalimu wa chuo cha Kurani, aseme kama arobaini ni sheria ya Uislamu.

"Kwenye Kurani haimo," alisema mzee. "Tumeikuta kwa wazee wetu, na wao sijui waliitoa wapi."

Katekista Vitalis akaulizwa. Akajikuna shingo. "Yakobo alipokufa, Wamisri waliipaka dawa maiti yake siku arobaini. Imo katika Mwanzo."

"Wamisri," liwali alisema. "Mwenzenu hasikii sikio moja kwa ajili ya Wamisri."

Akawafunga Candida na Anselmi. Gerezani Candida aliota mchi mara nyingi, na alipoamka viganja vilikuwa vimekaza.

Alipotoka, wanawake wa kanisani waliofiwa walianza kumfuata wakiuliza arobaini inafanywaje. Alikuwa akiwapikia. Kisha Severa, mke wa Anselmi, akafa kwa homa, na Anselmi mwenyewe akaja mlangoni, mkono umekauka.

"Sijui pa kuanzia," alisema.

Candida alimtazama hadi akainamisha kichwa. Hakumkaribisha ndani. Alimwambia akanunue mchele, naye akaenda kumwita Mboni.