Faili Niliyoifunga

Kahawa iliibwa katika kiwanda kilicho chini ya boma letu, upande wa Gakindu, mwaka ambao mavuno yalikuwa mazuri kuliko kawaida. Wezi walikuja na lori kabla hakujapambazuka, wakamfunga mlinzi kamba, wakampiga hadi akapoteza jicho, wakapakia magunia na kwenda zao. Polisi walifika, wakauliza maswali, wakarudi walikotoka. Kijiji kiliongea siku chache, kisha kikanyamaza. Kila mtu alijua kwamba lori lile lisingefika kiwandani kwa njia za ndani ya mashamba bila mwenyeji kulionyesha njia.

Wakati huo nilikuwa nimeacha kufundisha kompyuta katika shule ya kutwa ya Mukurweini. Nilikuwa naishi kwa mama nikiwafanyia watu kazi za kuchapa. Ndiyo maana wakulima walinijia. Walikuwa wamempata wakili, mama mmoja wa Nyeri mjini, aliyewaambia anataka maelezo ya kila aliyeona jambo, yaandikwe kabla watu hawajatishwa. Katekista wa kanisa letu alichaguliwa kuwaongoza. Alikuwa mtu mpole ambaye hata walevi walimwachia funguo za nyumba zao. Alinipeleka boma kwa boma na kompyuta yangu kwenye mkoba, nikawa naandika huku watu wakiongea kwa sauti ya chini, mlango ukiwa umefungwa mchana kweupe.

Wa mwisho alikuwa cucu, ambaye nilimwendea peke yangu. Sote tulimwita hivyo, kama tunavyomwita bibi yeyote huku kwetu, ingawa hakuwa wa ukoo wetu. Alikuwa jirani ya mama, mjane aliyeishi peke yake na ng'ombe mmoja. Asubuhi ile ya wizi alikuwa anakama ili awahi gari la maziwa. Aliona lori likizima taa kwenye kona ya shamba lake, mtu akashuka kuusogeza waya uliofunga njia huku dereva akimmulika kwa tochi. Hakumwona uso. Alichoona ni kofia ya sufi, ya kijani, yenye mstari mweupe uliopinda.

Nilimuuliza kama ana hakika, kwa kuwa kulikuwa bado na giza.

"Mimi ndio niliifuma," akasema. "Macho yalikuwa yameanza kunisumbua. Ule mstari niliufumua nikaurudia, ukapinda tena, nikauacha."

Akanitajia mtu aliyefumiwa ile kofia. Alikuwa mwanamume wa ng'ambo ya bonde, mwenye mke na watoto. Kisha akanishika mkono akasema jina lake lisionekane popote, kwa sababu yeye hulala peke yake. Nikamwahidi.

Nilitimiza ahadi kadiri ya ujuzi wangu. Mashahidi wote, na hata yule mwenye kofia, niliwapa herufi badala ya majina. Faili sikuituma kwa mtu yeyote, niliiweka kwenye mtandao na kuwafungulia watu wawili tu waisome, wakili na katekista. Halafu nikazima ruhusa ya kuipakua, ya kuichapa na ya kunakili maneno yake. Nilijaribu kuifungua kwa anwani yangu nyingine, kama mgeni. Kitufe cha kuchapa kilikuwa kimefifia, na nilipobonyeza sentensi ili niichukue, haikushikika. Nililala vizuri. Niliona nimeifunga kama mtu anavyofunga ghala.

Alasiri moja ya siku ya soko, cucu alikuja kwetu akakaa kwenye kigoda cha jikoni. Mama alimpa chai, akaishika tu bila kunywa. Alisema mwanamume asiyemjua alisimama mbele ya ndizi alizokuwa akiuza pale sokoni Gakindu, akachagua moja, akaimenya taratibu. Alikuwa na adabu. Alimwamkua vizuri. Kisha akamwambia:

"Cucu, niko na shida ya kofia. Nataka ya kijani, iko na mstari umepinda. Ile hata mtu akiwa anakama asubuhi anaweza kuijua."

Akala ndizi yake akaenda.

Mama alinitazama. Kofia, mstari, kukama: mambo hayo matatu hayakuwa pamoja mahali pengine popote duniani ila kichwani mwa cucu na katika faili yangu. Niliondoa jina lake, lakini sikuondoa macho yake. Mtu yeyote wa bonde letu angesoma mistari ile angejua ni nani aliyekuwa akiongea.

Nilifungua kompyuta. Ruhusa zilikuwa vile vile nilivyoziacha. Hakuna aliyeongezwa. Nilimpigia wakili nikamweleza, akaniuliza kama nilikuwa nimezuia kuchapa na kunakili. Nikasema ndiyo.

"Hiyo inazuia mashine," akasema. "Haizuii mtu kuchukua simu ya pili na kupiga hiyo skrini picha."

Akaniambia nimwondoe kila mtu kwenye faili, hata yeye, na nimtoe cucu pale nyumbani. Nikafanya la kwanza wakati uleule, na usiku huo cucu akalala kwetu. Lakini baada ya kukata simu, woga wa aina nyingine ulinijia. Waliosoma ni wawili tu. Huyu wakili nilikuwa nimekutana naye ofisini kwake, akanikaribisha kiti, basi. Nilimjua kwa kiasi gani? Na yule mwingine ndiye aliyemzika baba yangu. Sikujua ni nani kati yao ningependa awe mkosaji.

Asubuhi nilichukua bodaboda hadi kwa katekista. Yule mwendeshaji, kijana niliyemfundisha, aliniuliza naenda kufanya nini huko mapema hivyo. Lilikuwa swali la kawaida kabisa. Nilimdanganya, na nilipoteremka nilisubiri hadi aondoke ndipo nikaingia.

Katekista alikuwa akipogoa mibuni. Nilimweleza tukiwa tumesimama katikati ya mistari ya miti. Aliapa kwamba alisoma kwenye simu yake akiwa sebuleni na hakumwonyesha mtu. Nilikuwa nataka sana kumwamini, na hilo lenyewe liliniogopesha. Tukasikia mlango wa jikoni. Mke wake alitoka, mikono ikiwa na unga, akaja hadi pale tulipokuwa.

"Ni mimi," akasema.

Dada yake ndiye mke wa yule mwenye kofia. Katekista alipokwenda kuoga, aliiona simu imeachwa wazi, akasoma habari ya mstari uliopinda, akaijua ile kofia mara moja, kwa kuwa alikuwepo siku cucu alipoipeleka kwa dada yake. Alijaribu kunakili maneno amtumie dada yake, simu ikakataa. Basi akachukua simu yake mwenyewe akaipiga ile nyingine picha.

"Sikuwa nataka cucu aumie," akasema. "Nilitaka dada yangu atoe watoto hapo kabla polisi waje. Nilifikiria watoto tu. Yeye akamwonyesha bwana yake, ati amuulize kama ni ukweli."

Katekista alikaa chini, kwenye udongo, makasi ya kupogolea yakiwa bado mkononi. Hakumkaripia. Mimi nilikuwa nimejiandaa kukasirika na hasira haikuja. Nafasi yake yote ilikuwa imechukuliwa na hofu. Nilimwona yule mama amesimama na unga wake mikononi nikafikiri kwamba hata mimi, kama ingekuwa dada yangu, sijui ningefanya nini.

Cucu alikuwa na binti mjini Wang'uru, kule Mwea, aliyeolewa huko na kuuza mchele. Hakutaka kwenda. Alisema ng'ombe hawezi kuachwa. Nikamwambia nitamkama mimi. Katekista alileta pikapu yake, akamfungulia mlango, akamwomba msamaha kwa niaba ya nyumba yake. Cucu alimjibu kwamba waende kabla jua halijawa kali, akaingia akatazama mbele.

Nikawa mkamaji. Kila alfajiri nilivuka ua nikiwa na ndoo na tochi, na kila gari lililopita barabara ya juu lilinifanya niache chuchu na kusikiliza. Nilijifunza kutofautisha mlio wa gari la maziwa na wa lori. Asubuhi moja nilimkuta ng'ombe amesimama kwenye migomba, kamba yake imekatwa kwa kisu, sawasawa. Hakuna kilichokuwa kimeibwa. Nilimrudisha zizini nikamkama, kwa sababu sikujua lingine la kufanya, na maziwa ya siku hiyo yalikuwa machache kwa vile mikono yangu ilikuwa inamtia wasiwasi. Mama akasema tumlete kwetu. Tukamleta.

Yaliyofuata yalitoka mahali ambapo sikupategemea. Yule mwenye kofia, siku ile ile aliyoonyeshwa picha, aliitia kofia kwenye moto wa jikoni mbele ya mke wake. Hakumwambia neno. Mke aliitazama sufi ikiungua na ile harufu yake, na hapo, alivyokuja kueleza baadaye, ndipo alipoacha kujiuliza kama ni kweli. Aliwachukua watoto akaenda kwa wazazi wake. Baada ya muda mrefu wa kulia na kunyamaza, dada yake akamsindikiza kwa wakili. Wakili akapeleka maelezo yote kwa polisi, na yule mwanamume akakamatwa.

Kesi ilisikizwa Nyeri. Cucu aliletwa na binti yake, amevaa leso ya kanisani. Wakili alikuwa ameomba watu wengine watoke, na hakimu alikubali, lakini mshtakiwa ana haki ya kumsikia anayeshuhudia dhidi yake, kwa hiyo alibaki. Tuliobaki nje tulisikia tu mlango ukifungwa. Cucu alipotoka aliomba maji. Aliniambia kwamba alikuwa ameogopa kumtazama, kisha akamtazama, na kwamba yule mtu alikuwa amekonda. Baada yake aliingia mke, akaeleza habari ya ile kofia kuchomwa. Mwanamume huyo alifungwa pamoja na dereva wa lori. Mwenye lori hakupatikana, na yule aliyekula ndizi sokoni hatujawahi kujua ni nani.

Cucu hakurudi kuishi nyumbani. Analalamika juu ya mbu wa Mwea na kwamba huko hakuna baridi ya kumfanya mtu alale. Nikimpigia ananiuliza kama mvua imenyesha, kama nimewahi gari la maziwa.

Bado watu huniletea mambo yao niwaandikie. Kabla sijafungua kompyuta huwaambia waniambie yale tu wanayoweza kuvumilia kusikia kinywani mwa mtu mwingine. Wengine huinuka wakaenda. Ndugu wa yule aliyefungwa ana duka karibu na steji ya magari ya Mukurweini, na ni lazima nipite hapo. Huniamkua kwa heshima, huuliza habari za mama. Mimi humwambia mama ni mzima, nikaendelea kutembea, bila kuharakisha.