Mistari Tisa ya Levina Iliyokatwa

Saa mbili asubuhi, mashine ya kukoboa mpunga inanguruma mjini Ifakara. Levina Mkopi (34) anapepeta mchele, vumbi la pumba limemjaa hadi kwenye kope. Mashine ikizimwa kidogo, anainua uso na kuanza kughani. Wenzake wanatulia kumsikiliza.

Shairi linamhusu dada yake, Kandida.

Mwaka 2021, Kandida alishikwa na uchungu kijijini kwao, ng'ambo ya mto. Zahanati ilikuwa wazi, ila mkunga alikuwa amehamishwa miezi saba nyuma na hakuletwa mwingine. Akapakiwa kwenye bodaboda kupelekwa hospitali, kilomita 19 za matope. Alikata roho njiani, mtoto akiwa tumboni.

"Mimi ndiye niliyemshikilia kwa nyuma," anasema Levina. "Halafu mtu ananiambia eti mipango ya Mungu. Mungu ndiye aliyemhamisha mkunga?"

Mwaka jana alialikwa kughani kwenye sherehe ya afya ya mama na mtoto. Siku mbili kabla, ofisa mmoja akaomba kuliona shairi. Lilirudi likiwa limekatwa mistari tisa, yote inayomtaja mkunga.

"Dada Levina, tuletee la furaha kidogo, kuna wageni," aliambiwa.

Alipanda jukwaani hivyohivyo. Alipofika kwenye mstari wa kwanza uliokatwa, akanyamaza. Mshereheshaji akamsogelea, akidhani amesahau. Ndipo sauti kutoka nyuma ya umati ikausema mstari ule. Alikuwa Konsolata, mpepetaji mwenzake, anayelijua shairi zima kwa kichwa. Mstari wa pili waliusema watatu. Kufikia wa tisa, wanawake walikuwa wamesimama.

"Walizima kipaza sauti," anasema Konsolata. "Wazime tu! Sisi kila siku tunapiga kelele kuishinda mashine."

Tangu hapo Levina hajaalikwa tena. Mkunga naye hajaletwa hadi leo.

"Siku ile walinipa kanga imeandikwa 'Mama Salama', wakapiga picha na mimi," anasema kwa uchungu. "Kandida angeivaa wapi?"

Baada ya mavuno anakusudia kwenda kughani vijijini, Mofu na Uchindile, masokoni na nje ya kanisa baada ya misa, bila kuomba jukwaa la mtu.

"Natamani siku moja nisimame niseme kwetu hakuna mkunga, watu wanizomee," anasema. "Waseme, 'Levina mwongo huyo! Mkunga si yule pale anakuja?'"