Aliyeajiriwa Kukaa

Marehemu mke wangu alikuwa mpiga pasi kwenye karakana ya kushona sare. Wenzake walimwita Mama Mvuke.

Kusimama tangu asubuhi kulimvimbisha miguu. Akanunua kigoda, akakiweka chini ya meza ya pasi. Nguo zikipungua, anakaa. Siku moja tajiri, mwenye karakana, akamkuta.

"Bibi, hapa ni kazini, si barazani kwako."

"Miguu ni yangu, mwanangu, si ya karakana."

Watu wakaangua kicheko. Kicheko kile ndicho kilichomuuma tajiri. Jua halijazama, kamfukuza. Hata kujieleza hakupewa nafasi.

Tukaenda kwa afisa wa kazi, binti mpole wa sauti. Akamwita tajiri, akamwambia: anayefanya kazi wima hupewa pa kukaa kazi ikiruhusu, na mtu hafukuzwi bila kusikilizwa. Mrudishe, kwa mshahara uleule.

"Sawa," tajiri akasema. Sawa ile ilikuwa na meno.

Alimrudisha kweli. Lakini pasi kampa mwingine, na kigoda kakitupa kando ya mlango wa mbele.

"Si ulitaka kukaa? Kaa. Usiguse kitu."

Alijua mke wangu akiacha kazi mwenyewe, hana tena pa kushtakia. Hicho ndicho alichokuwa anawinda.

Jioni nikawa namkanda miguu. Nikamwambia, "Mama watoto, achana nao."

"Niache mimi? Anifukuze yeye. Mdomo anao."

Wenzake wakamkwepa, wakiogopa yasiwakute. Msimamizi, kibaraka wa tajiri, akawa anapita akimdhihaki.

"Shikamoo, malkia!"

"Marahaba. Kimbia, bwana wako asije akakuchapa."

Sasa, mlango ule ndio waliopitia wateja. Akaja mwalimu mkuu kuchukua sare za shule yake.

"Mama, mbona umekaa tu? Unaumwa?"

"Siumwi. Nimeajiriwa kukaa. Nilimshinda tajiri kwa afisa wa kazi, hii ndiyo adhabu."

Tajiri akaja mbio, anacheka meno ya nje. "Anatania huyo, mwalimu."

"Sitanii. Mwambie kama nina ruhusa ya kugusa hata kifungo."

Mwalimu akachukua sare zake, na oda mpya hakuacha. Alipotoka tu, tajiri akafoka.

"Unaniharibia biashara! Toka!"

"Unanifukuza? Sema kwa nguvu, wenzangu wasikie."

Cherehani zote zikanyamaza. Tajiri akawatazama watu, nao wakamtazama.

"Rudi kwenye pasi."

Akarudi. Hawakusalimiana tena mpaka maradhi yalipomtoa kazini.

Juzi tumemzika. Tajiri akaja msibani, akaomba aseme machache kuhusu jinsi alivyompenda marehemu. Nikamwambia aende zake. Shemeji zangu wakaninong'oneza kwamba mgeni wa msiba hafukuzwi. Najua. Lakini mwenye msiba ni mimi, na nyumba hii mke wangu ameiacha juzi tu. Maneno ya yule mtu hayataingia humu.