Sabini na Nne, Kumi Juu, Kumi Chini

Wenzake kazini walimwita Mama Kipimo, na hakuchukia. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mkaguzi wa bomba la petroli. Alisoma ripoti za mtambo unaopitishwa ndani ya bomba kutafuta palipoliwa na kutu.

Asubuhi hiyo ripoti ilitaja doa moja nyuma ya ukuta wa shule ya msingi. Kutu ilikuwa imekula asilimia sabini na nne ya unene wa chuma. Kanuni ilisema ikifika themanini, bomba lifungwe.

"Basi tuko salama," meneja akasema. Alikuwa mdogo wa marehemu mume wa Mama Kipimo. "Tia sahihi, shemeji. Watu wanasubiri mafuta."

"Mtambo nao hukosea, shemeji. Kumi juu, kumi chini. Hapa panaweza kuwa themanini na nne."

"Au sitini na nne! Mwaka jana ulituchimbisha siku mbili, tukakuta chuma kizima. Nilichekwa mpaka basi."

Ilikuwa kweli, na ilimuuma. Akaitazama kalamu, kisha akairudisha mezani.

"Sahihi yangu huipati. Punguza msukumo wa mafuta, tuchimbe."

Meneja alikubali shingo upande.

Mchana walikuwa shimoni. Ng'ambo ya ukuta watoto walikuwa wakiimba jedwali la kuzidisha. Mama Kipimo alisugua chuma mpaka kikang'aa, akachora miraba kwa chaki, akaweka kipima unene kwenye mraba wa kwanza. Kutu ilikuwa imekula asilimia sabini na saba.

"Umeona?" meneja akashusha pumzi.

 Mama Kipimo alijua kutu haili sawasawa. Akasogeza kifaa mraba hadi mraba, kila mmoja akiupima mara tatu. Wa tisa ulisoma themanini na moja. Wa kumi na mbili, themanini na tano. Akarudia. Themanini na tano.

"Zimeni pampu," meneja akasema kwenye redio. "Sasa hivi!"

Mwalimu mkuu aliwatoa watoto kwa lango la mbele. Kesho yake jioni mafundi walikuwa wamelivika bomba mkanda mnene wa chuma. Meneja hakuomba radhi, ila fomu mpya za ukaguzi zilikuja na safu ya kuandika kipimo kinaweza kukosea kwa kiasi gani.

Nyumbani, mikono ya Mama Kipimo ilishindwa kufungua kamba za buti. Binti yake akapiga magoti, akamfungulia.

"Kumbe uliogopa, mama?"

"Sana, mwanangu. Ule mraba wa kwanza nusura uninyamazishe."