Hewa ya Shemeji

Kituo cha kuzamia kilikuwa cha shemeji yake, lakini pumzi za watu zilikuwa mikononi mwake yeye, ndiyo maana wakamwita Mama Mitungi. Kila aliyetaka kushuka kuyaona matumbawe ya hifadhi alishuka na hewa iliyojazwa na kompresa yake, kwenye kibanda cha mabati nyuma ya duka la kukodisha miwani na mapezi ya miguuni. Alifungua koki kidogo, akanusa, akakuambia kama kichujio kimechoka.

Na mwanamke huyu alikuwa na kinyongo. Si kile cha kununiana jikoni, la. Alitaka shemeji yake aumie, na aumie mbele za watu.

Yote yalianza kwa mdogo wake wa kiume, Pweza, aliyepewa jina hilo kwa jinsi alivyojua kujipenyeza kwenye mapango ya chini bila kugusa tumbawe hata moja. Ndiye aliyewaongoza wazamiaji, na wale wa kuelea juu na mirija yao aliwakalia kooni wasikanyage kitu. Wiki moja Mama Mitungi alikuwa msibani, mbali. Pweza akashuka peke yake kulifunga upya boya la boti, kwa mtungi uliojazwa na shemeji mwenyewe. Wenzake walipoona hapandi, walimfuata wakamkuta amezirai. Alipona, lakini akili haikurudi yote.

Shemeji akawaambia askari wa hifadhi kwamba kijana alikuwa amelewa. Kibali cha Pweza kikafutwa. Pweza, ambaye hata dawa ya kikohozi alikuwa akiikwepa kwa harufu yake!

Mama Mitungi aliporudi, hakuhitaji kuambiwa. Mpira wa kuvutia hewa ya kompresa siku zote hupanda hadi juu ya paa, mbali na moshi wa jenereta, na aliukuta huko huko juu. Ila vibano vilivyoushika, ambavyo kutu ilikuwa imevila miaka, sasa vilikuwa vikimeremeta. Mtu aliuteremsha, kisha akaurudisha mbio mbio. Akakumbuka shemeji alivyokuwa akilalamika kwamba mpira ule unaharibu picha za wageni. Alipomuuliza, akajibiwa kwamba haujawahi kuguswa, hewa ilikuwa safi, na aache kutafuta mchawi. Dada yao mkubwa, mke wa shemeji, akamsihi anyamaze, familia isije ikavunjika. Akanyamaza, akamweka shemeji kiporo.

Kilichomkata maini zaidi ni Pweza mwenyewe. Kila jioni, akihangaika na kifungo cha shati ambacho vidole havikitaki tena, humuuliza, "Dada, kweli nililewa?" Humjibu hapana. Huridhika, akalala. Kesho yake jioni huuliza upya, kana kwamba hajawahi kuuliza.

Siku ikafika. Mkuu wa hifadhi alikuja kukagua kituo, na shemeji, kwa kupenda sifa, akasema atashuka naye mwenyewe. Asubuhi hiyo Mama Mitungi alijaza mitungi yote kwa umeme wa gridi, jenereta ikiwa imezimwa, akainusa mmoja mmoja. Kazi ilipokwisha, akapanda ngazi, akafungua vile vibano vipya, akauteremsha mpira na kuulaza nyuma kabisa, penye moshi. Akawasha jenereta, akakaa kusubiri. Mara ngapi alikuwa amewaza kumjazia huo moshi kweli! Tusimsafishe: hakuzuiwa na huruma. Aliona tu kwamba maiti haiwezi kukiri.

Pale kituoni palikuwa na desturi isiyovunjwa. Kabla ya kushuka, mzamiaji huvuta pumzi chache kutoka kwenye mtungi wake mbele ya aliyeujaza. Mkuu wa hifadhi alikuwa bado anapambana na zipu ya nguo yake ya kuzamia. Shemeji alikuwa ametoka kuchukua mkanda wake wa uzito kibandani, na huko alikuwa ameuona mpira.

"Vuta, shemeji," Mama Mitungi akasema, akimshikisha kifaa cha kupumulia.

Shemeji akaomba mtungi mwingine, akaambiwa yote imejazwa pamoja. Akasingizia mafua. Mkuu wa hifadhi akaiacha zipu, akauliza kuna nini.

"Hamna kitu, mkuu. Mpira nimeuweka pale alipouweka yeye nilipokuwa msibani. Vuta basi, shemeji. Si ulisema hewa ilikuwa safi?"

"Unataka kuniua?" Sauti ilimpaa. "Moshi wote unaingia humo. Huoni moshi huo ulivyomfanya mdogo wako?"

Watu wa boti waliacha kazi zao wakamtazama. Mama Mitungi alikichukua kile kifaa, akakitia mdomoni, akavuta pumzi ndefu, kisha nyingine, macho hayabanduki usoni pa shemeji. Akamweleza mkuu kwamba mitungi aliijaza kabla ya kuugusa mpira. Hewa ilikuwa safi.

Kituo kilifungwa siku hiyo, na Pweza akarudishiwa kibali chake, ingawa hatashuka tena. Dada mkubwa akaja akilia, akimwombea mumewe asifikishwe polisi. Mama Mitungi akataka jambo moja tu: shemeji aje amwambie Pweza ukweli kwa mdomo wake mwenyewe, mpaka aelewe. Shemeji akakubali upesi mno.

Jioni akaja, akakaa kwenye ukingo wa kochi. Akasema hukulewa, mimi ndiye niliyeushusha mpira, mimi ndiye niliyekusingizia. Machozi yalimlengalenga. Pweza alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akamshika mkono. Shemeji akanyanyuka kama mtu aliyetua gunia.

Mama Mitungi akamsindikiza hadi mlangoni.

"Kesho saa hizi hizi," akamwambia.

"Kesho kuna nini tena?"

"Atauliza tena."