Habona na kamba za kuamia ndege: niliyoyaona karibu na Garsen miaka ya hamsini

Wakuu, habari za huko mliko.

Nimesoma humu uzi wa mama mmoja ambaye mwanawe wa darasa la pili hajui kusoma, na wenzake wamemtenga. Nimeshindwa kupita kimya. Ninalotaka kusimulia nililiona kwa macho yangu nikiwa mtoto. Sitalitia chumvi, maana lilivyo linanitosha hadi leo.

Mimi ni bibi sasa, mwalimu mstaafu. Mjukuu ndiye aliyenifungulia akaunti, kwa hiyo nikibonyeza pasipofaa, mnivumilie.

Ilikuwa miaka ya hamsini, kando ya Mto Tana. Garsen yenyewe wakati huo ilikuwa kivuko na vijiduka vichache. Shule yetu ilikuwa banda moja la udongo lenye mwalimu mmoja, Mwalimu Yona, mtu wa upande wa Ndera. Nyumbani tulisema Kipokomo, shuleni Kiswahili. Kila mtoto alikuwa akijifunza kusoma na kujifunza lugha kwa mpigo mmoja.

Katika darasa letu alikuwepo msichana anaitwa Habona.

Nje ya darasa huyu mtoto alikuwa moto. Kupiga kasia, kusimulia hadithi, kuiga sauti za watu, hakuna aliyemfikia. Lakini ukimwekea herufi mbele yake, uso unazima. Aliwahi kuniambia:

"Zinacheza. Nikishika moja, nyingine imeshahama."

Hapa nisimame kidogo. Siku hizi wataalamu wanaiita hali hiyo disleksia. Si uvivu, si ujinga, wala si laana. Akili ya mtoto ni nzima kabisa, ila ile njia ya kutoka kwenye herufi kwenda kwenye sauti ina matope. Wengine wanapita wakikimbia, yeye anazama kila hatua. Wakati ule hakuna kati yetu aliyejua hayo, hata Mwalimu Yona.

Sasa, tuliandika juu ya vibao vya mawe, watoto wawili kibao kimoja. Mwalimu akikuta kosa, mnachapwa wote wawili. Alidhani tutasaidiana.

Matokeo yake mnayajua. Hakuna aliyetaka kibao kimoja na Habona.

"Dada, nenda ukaandike na nyani," alikuwa akisema Jillo, mvulana aliyekuwa wa kwanza darasani. "Mtaelewana mwandiko!"

"Usiniguse, utaniambukiza!" wengine walipiga kelele akiwasogelea.

Na wale wadogo waliamini kweli kwamba inaambukiza. Habona akawa anakaa mwisho wa benchi, peke yake, mikono mapajani. Wakati wa kucheza alikuwa anakwenda kusimama karibu na mtungi wa maji, kana kwamba ana kiu.

Baba yake alikuwa amebishana na ndugu zake mpaka akakubaliwa kumpeleka binti shule. Sasa alikuwa amechoka kuchekwa. Akasema: "Baada ya mavuno Mwalimu atawapima kusoma ukurasa, mmoja mmoja. Asipoweza, anabaki nyumbani kumlea mdogo wake. Sitarudia maneno."

Kwa hiyo hilo ndilo lililokuwa mbele yake. Ukurasa mmoja, au shule iishe.

Kisha ukafika msimu wa ndege.

Kwa wasiojua: mpunga ukianza kujaza punje, ndege wadogo wanashuka kama wingu. Watoto ndio walinzi. Kila shamba lina dungu, yaani kichanja cha miti kirefu. Kutoka hapo juu kamba zilizosokotwa kwa majani ya miyaa zinakwenda pande zote za shamba, na mwisho wa kila kamba pana mti wenye kibuyu kilichotiwa kokoto. Ndege wakitua kona fulani, unavuta kamba ya kona hiyo, kibuyu kinalia, wanaruka. Hiyo ndiyo kuamia. Shule ilikuwa inafungwa saa za mchana, maana hata ikifunguliwa hakuna mtoto.

Mashamba ya mama zetu yalipakana, kwa hiyo mimi na Habona tulipewa dungu moja. Nakiri sikufurahi mwanzoni.

Siku moja ndege walikuwa wametulia, mimi nasinzia. Nikasikia kibuyu cha upande wa mto kikilia. Halafu cha upande wa njia ya ng'ombe. Kimya. Tena upande wa mto, tena njia ya ng'ombe.

Nikafungua macho. Hakukuwa na ndege hata mmoja.

"Unavuta nini?"

"Maji," akasema.

"Maji gani?"

"Ile ya mtoni naiita ma. Ile ya njia ya ng'ombe naiita ji. Sikiliza." Akavuta. "Maji. Na ile ya nyuma ni ku, ile ya mgombani ni la, na hii fupi ni ni." Mikono ikaanza kwenda. Nyuma, halafu fupi. "Kuni." Nyuma, mgombani, mgombani. "Kulala. Wewe ulikuwa umelala."

Wakuu, niliketi wima. Msichana ambaye wote tulimwita mjinga alikuwa amelivunja neno vipande vipande na kulitandaza juu ya shamba zima la mpunga. Alijua neno linavyojengwa. Alijua kuliko mimi, maana mimi nilikuwa nakariri tu. Macho yake ndiyo yalikuwa yanamkataa. Mikono yake haikuwa na shida.

Tukaanza mchezo. Yeye anavuta, mimi nabashiri neno. Watoto wa madungu ya jirani wakasikia vibuyu vinalia bila ndege, wakapiga kelele:

"Nyie! Mmelewa?"

"Tunasema!" akajibu Habona. "Jillo, nimesema nini?"

Akavuta. Jillo akabashiri vibaya. Akavuta tena, Jillo akakosea tena, na madungu yote yakacheka.

"Ngoja," akasema Jillo. "Ngoja, rudia polepole."

Hilo neno rudia, kutoka kinywani mwa Jillo kwenda kwa Habona, sikuwahi kulisikia kabla.

Siku chache baadaye walikuwa wanakuja dunguni kwetu kwa zamu, kila mmoja akitaka kujua leo kamba zinaitwaje. Wachungaji wa Kiorma waliokuwa wakipitisha ng'ombe kwenda kunywa walisimama wakitutazama, wakaendelea zao wakitikisa kichwa.

Mimi nikaokota vipande vya kibuyu kilichovunjika. Kwa msumari nikachora silabi kwa kina, ma kwenye kipande kimoja, ku kwenye kingine, nikafunga kila kimoja kwenye kamba yake pale mkono unaposhika. Habona alikuwa anapitisha kidole gumba kwenye mchoro kabla ya kuvuta. Akizoea kamba zote, tunabadilisha vipande. Tuliendelea hivyo mpaka mpunga ukageuka rangi.

Siku ya kupimwa ikafika. Mwalimu Yona akamwita mbele, akampa kitabu.

Habona akatazama. Nikaona macho yanahama huku na huku, nikajua herufi zinacheza tena.

Kisha akafumba macho kidogo, akafumbua, akaweka kidole gumba juu ya ukurasa. Mkono wa pili ukainuka, ukashika hewa, ukavuta.

"Ma..."

Kuna mtoto akacheka.

"Unafanya nini wewe?" Mwalimu akauliza. "Shusha mkono."

Na hapo Jillo akasimama. "Mwalimu, samahani. Mwache avute."

"Avute nini?"

Darasa zima likajibu: "Kamba!"

Mwalimu Yona hakuelewa, lakini alimpa ishara aendelee. Habona akaendelea, silabi moja, mvuto mmoja. Nikaanza kuvuta naye kimyakimya pale nilipokaa. Aliye kando yangu naye. Nikitazama nyuma, benchi zote, mikono juu, watoto wanavuta hewa pamoja na Habona, kila mmoja akimngoja, hakuna anayemtangulia. Alisoma ukurasa ule mpaka nukta ya mwisho. Ulimchukua muda ambao mwingine angesoma kurasa nyingi.

Mwalimu Yona akaketi kwenye benchi letu, kama mwanafunzi. Tulipomweleza habari za dungu alisema tu, "Kesho mnipeleke huko shambani."

Tulimpeleka. Mpunga ulikuwa umevunwa, lakini dungu na kamba zake bado havijang'olewa. Alipanda dungu kwa shida, akashika kamba moja.

"Hii?"

"Hiyo ni sa, Mwalimu."

Akaivuta mwenyewe. Tangu siku ile hakuchapa tena watoto wawili kwa kosa la kibao kimoja.

Na baba yake Habona? Aliposikia alimgeukia mkewe, akasema: "Basi tafuta mwingine wa kubeba mtoto." Habona akabaki shule. Hakuwa msomaji wa haraka, na hakuwahi kuwa. Lakini alimaliza.

Nimefundisha miaka mingi baada ya hapo, na nimewatafuta akina Habona katika kila darasa nililoingia. Mara nyingi nimewapata. Somo nililobaki nalo ni hili: kamba zilimsaidia, ndiyo, lakini kumbukeni utaratibu wa mambo. Kwanza walimjia kucheza. Kusoma kulifuata nyuma. Mtoto anayeogopa kuchekwa anatumia nguvu zake zote kujificha, habaki na za kusomea.

Kwa hiyo, mama uliyeandika ule uzi, usikate tamaa. Mtafutie mwalimu anayeijua hali hii, na ujue mikono ya mwanao inapenda nini. Lakini kabla ya hayo yote, nenda shuleni ukaulize swali dogo: mwanangu anakaa na nani?

Nawauliza na nyinyi wengine, mnijibu hapa chini bila haya: mtoto wa namna hiyo katika darasa lenu, alikaa na nani?